Sanduku la Maswali: Nisomee wapi sayansi ya kompyuta?

Swali. Mpendwa mwandishi, mimi ni binti wa miaka 18, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi. Nimemaliza sekondari katika tawi la hisabati na fizikia, na kwenye Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, nimepata asilimia 71. Ninatamani kusomea sayansi ya kompyuta nje ya nchi, lakini wajomba zangu hawapatani: mmoja anasema Kanada, wa pili Afrika Kusini, wa tatu anasema nibaki hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Baba amekwisha kusema kwamba yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Ruashi ili nisafiri. Ninaogopa kuchagua vibaya na kiwanja kiende bure. Nitazame nini ninapochagua chuo? — *Msomaji wa Katuba*

Jibu. Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye neno kiwanja, kwa kuwa mimi pia nilisomeshwa ng'ambo kwa mali ya familia iliyouzwa, na ninajua jinsi mali hiyo inavyomlemea mtoto anapokaa darasani na kugundua kwamba alichokifuata hakipo. Kisa hicho nitakusimulia mbele kidogo. Wajomba zako wanabishana kuhusu nchi, ilhali mwanafunzi hafundishwi na nchi. Anafundishwa na idara, yenye walimu wake, mtaala wake na maabara yake, na ndani ya nchi moja, hata ndani ya mji mmoja, utakuta idara hodari na idara dhaifu zikitoa shahada yenye jina lile lile.

Jina lenyewe ndilo mtego wa kwanza. Sisi huku husema "informatike" tukaridhika, lakini ndani ya neno hilo mna fani kadhaa. Mwaka 2005 mwongozo wa vyama vikubwa vya wataalamu wa kompyuta, vikiwemo ACM na IEEE, ulizitenga tano: uhandisi wa kompyuta, unaoshughulika na mashine yenyewe; sayansi ya kompyuta, inayochunguza njia za kukokotoa na misingi ya programu; uhandisi wa programu; mifumo ya taarifa, inayounganisha kompyuta na uendeshaji wa kampuni; na teknolojia ya habari, inayotunza mitandao na kuhudumia watumiaji. Ile tunayoiita *informatique de gestion*, ambayo imeenea sana katika taasisi za Kongo, iko karibu na mifumo ya taarifa. Ni kazi ya heshima, na inalisha nyumba nyingi katika mji huu wa migodi. Lakini aliyeitaka sayansi ya kompyuta akajikuta humo atasoma uhasibu na sheria ya biashara huku akisubiri hisabati isiyokuja.

Ili ujue kama sayansi hiyo ndiyo unayoitaka kweli, chukua mfano mmoja mdogo. Una orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, nawe unatafuta jina moja. Ukiyasoma moja baada ya jingine, huenda ukayasoma yote milioni kabla ya kulipata. Lakini ukifungua orodha katikati, ukaangalia kama jina lako liko kabla au baada ya hapo, ukaitupa nusu isiyohusika, kisha ukafungua katikati ya nusu iliyobaki na kuendelea hivyo, hutazidi hatua 20, kwa sababu ukizidisha 2 mara 20 mfululizo unapata 1,048,576. Kazi hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu na daftari, hata umeme ukikatika jioni nzima. Ikiwa baada ya kusoma mfano huu unatamani kujua mtu afanye nini na orodha ambayo haikupangwa, au upangaji wenyewe unagharimu hatua ngapi, basi fani yako umeipata. Ikiwa moyo wako uko zaidi kwenye kutumia mashine ofisini, sema hivyo mapema, nasi tutakutafutia njia nyingine isiyo na aibu yoyote.

Sasa tafuta mtaala wa kila chuo unachokifikiria, uuchapishe mwaka kwa mwaka, uuweke mezani na kuusoma ukiwa na kalamu nyekundu. Katika miaka miwili ya kwanza pigia mstari hisabati: aljebra, uwezekano na takwimu, na ile hisabati ya mantiki, seti na grafu ambayo ndiyo lugha ya fani yetu. Kisha tafuta algoriti (yaani hatua za kutatua tatizo, kama zile za orodha ya majina) na miundo ya data, usanifu wa kompyuta, mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha mashine), mitandao na hifadhidata, na kwenye mwaka wa tatu au wa nne nadharia ya ukokotoaji au kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine. Chuo kinachotangaza akili bandia tangu mwaka wa kwanza bila hisabati ya kuibeba kinakuuzia jina. Kwenye mifumo endeshi uliza jambo moja zaidi, nalo ni hili: wanafunzi wanaandika nini kwa mikono yao? Mwaka 2006 chuo cha MIT cha Marekani kilitengeneza mfumo endeshi mdogo uitwao xv6 kwa ajili ya kufundishia, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote bila malipo. Idara iliyo makini huwapa wanafunzi mfumo wa namna hiyo waufungue, waubadilishe, wauharibu na kuutengeneza tena, wakati idara dhaifu huwapa kurasa za kukariri.

Hapo ndipo kisa changu kinapoingia. Kitabu cha mtaala cha chuo nilichokwenda kilikuwa na masomo yote hayo, nami nilikisoma usiku baada ya usiku hadi kurasa zikalegea. Mwaka wa tatu, tulipofika kwenye somo la kompaila, ambalo ndilo lililonivuta kwenda kule, katibu wa idara alitueleza kwamba mwalimu wake alikuwa ameondoka miaka minne kabla yetu na hakuna aliyeshika nafasi yake. Saa zile tukapewa somo la kutengeneza kurasa za intaneti. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na kitabu kile mapajani, nikimfikiria baba. Kwa hiyo usiishie kwenye orodha. Mwandikie mkuu wa idara barua pepe fupi, umwombe akutajie masomo ya mwaka wa tatu na wa nne yaliyofundishwa kweli katika miaka miwili iliyopita, nani aliyafundisha, na wanafunzi wangapi hugawana mashine moja ya maabara. Anayekujibu kwa majina na hesabu anastahili kufikiriwa. Anayekujibu kwa picha za majengo, mweke kando. Tafuta pia Mkongo mmoja anayesoma pale sasa, aliye mwaka wa tatu au zaidi, kwa kuwa aliyefika juzi bado hajayaonja masomo yenyewe.

Orodha za vyuo bora duniani, kama ile ya Shanghai iliyoanza mwaka 2003, zitakusaidia kidogo tu, kwa sababu zinapima zaidi utafiti na tuzo za wanasayansi, mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyaona kwa mbali.

Tuje kwenye fedha. Familia zetu huhesabu mwaka wa kwanza, wakati hesabu inayotakiwa ni ya mwaka wa mwisho. Tuseme chuo kinadai dola 12,000 kwa mwaka na kinakupa punguzo la nusu: furaha inajaa nyumbani, dola 6,000 zinapatikana, kisha mwaka wa pili inaonekana kwamba punguzo lilikuwa la mwaka mmoja, au lilikuwa na sharti la alama ambazo watoto wengi huzikosa wakiwa bado wanazoea lugha na baridi. Programu ya miaka minne iandikie safu nne, na katika kila safu weka ada, chumba, chakula, bima ya afya, viza na tiketi. Safu ya nne ikikosa fedha, programu hiyo iko nje ya uwezo wenu, hata kama safu ya kwanza imejaa.

Juu ya ada kuna fedha ambazo serikali za nje hutaka kuziona kabla ya kutoa viza. Kanada ilidai kwa miaka mingi dola zake 10,000 za matumizi ya mwaka. Kuanzia Januari 2024 ikapandisha hadi 20,635, na baadaye ikaongeza tena, mbali na ada na tiketi. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, tangu 2017 huwatoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, lakini mwanafunzi huweka kwanza kwenye akaunti iliyofungwa kiasi ambacho tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, naye hupewa kidogo kidogo kila mwezi. Ufaransa mwaka 2019 ilianzisha ada ya euro 2,770 kwa mwaka wa lisansi, yaani shahada ya kwanza, kwa wageni hao hao, mahali ambapo Mfaransa alikuwa akilipa takriban 170; ada hiyo imekuwa ikipanda, ingawa vyuo kadhaa huisamehe yote au sehemu yake, na kila chuo lazima kiulizwe peke yake.

Karibu na nyumbani hesabu hubadilika. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na viongozi wa Jumuiya walikuwa wamekwisha kutangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu. Kwa hiyo unapoandikia chuo cha Uganda, Tanzania, Kenya au Rwanda, uliza kwa maandishi kama Mkongo analipa ada ya raia wa Jumuiya au ada ya mgeni, na jibu lao ulihifadhi, kwa maana karani wa dirishani huenda asilijue. Uliza pia ni nani atakayelinganisha diploma yako ya Serikali na cheti chao: Uganda hufanya baraza la mitihani la UNEB, Tanzania hufanya baraza la NECTA, na Afrika Kusini utahitaji idhini ya USAf, umoja wa vyuo vikuu vya huko, kabla chuo hakijakupokea. Kazi hiyo inachukua wiki au miezi, na diploma yenyewe ya Exetat, kama unavyojua, huchelewa kutoka Kinshasa. Basi tengeneza mapema nakala zilizothibitishwa za hati ya kufaulu na za biletini zako, yaani ripoti za alama za shule.

Maoni yangu ni haya, mwanangu. Familia ambayo akiba yake ni kiwanja kimoja imsomeshe mtoto shahada ya kwanza karibu, katika idara nzuri kuliko zote zilizo ndani ya uwezo wake, na safari ya mbali iwekwe kwa ajili ya uzamili, kwa sababu huko ndiko uliko ufadhili mwingi: ARES ya Ubelgiji, ambayo inaihesabu Kongo miongoni mwa nchi washirika wake, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, Eiffel ya Ufaransa, zote huwatazama zaidi wenye shahada ya kwanza tayari. Kwa hiyo chukua kalamu ile ile nyekundu usome mitaala ya UNILU na ESIS Salama hapa hapa mjini, Copperbelt University ya Kitwe na University of Zambia ya Lusaka ng'ambo ya Kasumbalesa, mpaka ulio kiasi cha kilomita 90 tu kutoka hapa, kisha Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zambia ina faida moja ambayo watu huisahau: utasoma kwa Kiingereza, lugha ambayo sehemu kubwa ya maandishi ya fani yetu imeandikwa kwayo, na likizo utarudi nyumbani kwa basi.

Njia moja ya mbali haitagusa kiwanja. MIT, Harvard, Princeton, Yale na Amherst huko Marekani huchagua wanafunzi, wageni pia, bila kutazama mifuko ya wazazi, kisha hufidia upungufu wote wa aliyechaguliwa. MIT huchukua chini ya watu 5 katika kila waombaji 100, na kwa wageni mlango ni mwembamba zaidi, lakini ada ya maombi huweza kusamehewa, na mwenye asilimia 71 katika hisabati na fizikia ana haki ya kujaribu. Wakati unasubiri majibu fanya CS50, somo la utangulizi la Harvard ambalo liko wazi kwa wote kupitia intaneti. Pakua video usiku bando linapokuwa nafuu, na mazoezi uyafanye yote, hasa yale ya lugha ya C yanayowatoa watu jasho. Baba yako mwambie asubiri na kiwanja hadi utakapoyamaliza.

Swali. Ndugu mwandishi, mimi ni mzazi wa Bukavu. Komisioneri mmoja, wakala wa kutafutia watu vyuo na viza, ananiahidi nafasi ya kijana wangu katika chuo cha kompyuta nchini Kanada pamoja na viza "ya uhakika" kwa dola 1,500, nusu ilipwe wiki hii. Ametuonyesha hata barua ya kupokelewa. Nimwamini? — *Papa wa Bagira*

Jibu. Papa, usilipe wiki hii. Hakuna mtu nje ya ofisi ya uhamiaji ya Kanada anayeweza kutoa viza ya uhakika, na neno hilo peke yake linatosha kukusimamisha.

Barua hiyo inaweza kuchunguzwa bila kumpitia komisioneri. Kila chuo kinachoruhusiwa kupokea wageni Kanada kimo katika orodha ya serikali na kina namba inayoanza na herufi O. Itafute namba hiyo kwenye tovuti ya serikali yenyewe, si kwenye karatasi mliyoonyeshwa. Kisha kijana wako aiandikie ofisi ya udahili ya chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, ataje jina lake na namba ya barua, aulize kama wanamfahamu. Tangu Desemba 2023 serikali ya Kanada huvirudia vyuo ili vithibitishe kila barua ya kupokelewa, baada ya wanafunzi wengi kunaswa na barua za uongo zilizoletwa na mawakala. Kwa hiyo barua ya bandia itakwamia hapo, na jina la kijana wako ndilo litakalobaki na doa, huku komisioneri akibadilisha namba ya simu. Tangu Januari 2024, zaidi ya hayo, waombaji wengi wa shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na hati ya mkoa wanakokwenda, kwa sababu nchi hiyo imeweka kikomo cha vibali vya masomo. Mwulize komisioneri hati hiyo iko wapi, na utazame atakavyojibu.

Tena, Papa, mwulize kijana mwenyewe kama ameuona mtaala wa hicho chuo. Vyuo vingi ambavyo mawakala huvisukuma ni vidogo, hutoa stashahada ya miaka miwili ya kutunza mitandao, na vinawalipa mawakala hao kwa kila kichwa wanachokileta. Stashahada hiyo inaweza kumfaa. Lakini ikiwa mmeambiwa ni shahada ya sayansi ya kompyuta, mnastahili kujua kwamba sivyo kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Swali. Mimi ni mwanafunzi wa Goma, mwaka wa pili wa lisansi ya informatike. Rafiki zangu wananishauri niache nianze upya ng'ambo. Niwasikilize? — *L2, Goma*

Jibu. Kaka, maliza. Umebakiza mwaka mmoja, na kuanza upya kutakugharimu mitatu au minne. Jambo la kushughulikia sasa ni karatasi zako. Tangu mfumo wa LMD (lisansi, uzamili, udaktari) uanze nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni ya miaka mitatu na alama za krediti 180, ilhali lisansi ya zamani ilikuwa inakuja baada ya graduat, ngazi ya kwanza ya chuo wakati huo, na kufikisha miaka mitano. Ofisi za nje bado huchanganya hizo mbili, wengine wakikupa hadhi isiyo yako na wengine wakikunyima iliyo yako, kwa hiyo omba sekretarieti ya fakulte ikuandikie kwenye orodha ya alama idadi ya krediti za kila somo na maelezo mafupi ya kilichofundishwa.

Carnegie Mellon ina tawi Kigali, lililoanza kufundisha mwaka 2012, na linatoa uzamili, si shahada ya kwanza, kwa hiyo bila lisansi usingepata hata fomu. Watakuuliza hisabati, programu ulizoandika mwenyewe, na Kiingereza kilichopimwa kwa mtihani unaotambulika. Anza na Kiingereza mwezi huu, saa moja kila siku, ukisoma maelezo ya programu unazozitumia katika lugha hiyo badala ya tafsiri ya Kifaransa. Na kazi yako ya mwisho ya lisansi ichague iwe programu inayoendesha kitu halisi, msimbo wake uuweke mahali ambapo mwalimu wa Kigali anaweza kuufungua na kuusoma.